Uzi Mweupe, Mbuzi Watatu

Nisisikie tena mtu akisema nilimroga Kitonga. Mimi? Ningekuwa najua kuroga, si ningejitafutia mwenye bustani na askari wa geti kule Lavington kwa matajiri? Niroge mtu wa kunibebesha stendi ya kamera kutoka Bangkok mpaka Hanoi, na begi langu mgongoni? Hebu nieleze vile ilikuwa, halafu kila mtu aende akaseme anachotaka.

Mimi ni Kamene. Nauza vitambaa vya mapazia hapa Ngara, Nairobi, kwa duka la Kailash na mke wake Vidhi. Na Kitonga nimekaa miaka sita, huko Mutuini, Dagoretti, kwa mojawapo ya nyumba za kupangisha za mama yake. Miaka sita napika, nafua, majirani wananiita bibi ya Kitonga, na bado sikuwa bibi yake. Kwetu Wakamba mwanamke si wa mtu mpaka mbuzi wa ntheo wafike kwa baba yake. Mbuzi watatu tu. Dume anachinjwa, wazee wanakula, maneno yameisha. Hata ukifunga ndoa kanisani na pete na keki ya ghorofa tatu, kama hao mbuzi hawakufika, siku ukifa baba yako ndiye anakuja kukuchukua akuzike kwake, na yule uliyekuwa ukimwita mume anasimama nyuma na majirani. Nimeona ikifanyika kwa shangazi yangu, na sikutaka yanipate.

Kitonga kila mwaka alikuwa na sababu. Mara kiangazi kimemaliza mbuzi, mara mjomba ni mgonjwa, mara ngoja kwanza chaneli ishike. Chaneli yake ni ya video za safari. Alikuwa amemaliza Naivasha na Loita Hills, sasa akataka Asia, ati hakuna Mkamba ameonyesha watu huko. Tuliweka akiba mpaka nikasahau ladha ya nyama ya Kenyatta Market. Basi mwezi wa kwanza tukaenda, wawili, mabegi mgongoni, tukilala kwa hosteli za vitanda vya juu kwa juu.

Sitadanganya, nilifurahi. Bangkok tulikula kila kitu kinachouzwa kando ya barabara. Wamama sokoni walishika rasta zangu wakacheka, nami nikashika nywele zao nikacheka. Halafu tukapanda kaskazini mpaka kwa ule mto mkubwa, Mekong, tukaingia mashua ndefu ambayo viti vyake ni vya gari vilivyong'olewa, tukateremka siku mbili nzima tukiangalia milima na nyati wakioga. Wali wao unanata, unaumega kwa mkono unauchovya, na Kitonga akaambia kamera, "Watu wangu, hii ni ugali imesoma!" Tukacheka mpaka mzungu wa kiti cha nyuma akaamka.

Halafu nikaugua. Tulikuwa tumetoka kwa Mekong tukapanda mto mwingine mdogo, Nam Ou, tukafika kijiji kinaitwa Muang Ngoi. Homa ikanishika usiku wa kwanza. Kufika siku ya tatu sikuweza kusimama, nilikuwa naona mama yangu marehemu amekaa kwa kona anachambua maharagwe. Dawa za kliniki nilimeza, hazikukaa tumboni. Mashua ya kutupeleka mjini ilikuwa haijapatikana. Na unajua niliwaza nini, mimi mtu wa homa ya digrii sijui ngapi? Niliwaza, nikifa hapa Kitonga atanipeleka kwa nani? Nikamwambia. Nikamwambia, "Kitonga, mimi si wako. Ukinirudisha kwa sanduku, baba atakuuliza umemletea binti yake kama nani."

Huyo mwanaume alilia. Alilia na kamasi. Akatoka mbio kwa nyanya mwenye nyumba ya wageni, akampigia magoti, akamwambia kwa mikono na kwa Kiingereza chake cha haraka, fanya chochote, chochote mnachofanya hapa. Kusema kweli mimi nilikuwa nimelala. Yeye ndiye aliyeomba.

Nyanya akaita majirani. Wakaleta majani ya mgomba yamesukwa vizuri, maua, mayai ya kuchemsha, kuku mzima na kichwa chake, pombe kidogo kwa gilasi. Mzee mmoja akaomba kwa lugha yao, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto atoke chini ya kitanda. Wanasema ukiugua mbali na kwenu roho zako zimetawanyika njiani, sasa wanaziita zirudi. Kisha kila mtu akachukua uzi mweupe wa pamba akatufunga kwa mkono, akituombea mema. Mimi na yeye. Nyanya alipofika kwetu alishika mkono wangu na wa Kitonga pamoja, akafunga, akacheka, akasema kitu, na wamama wote wakapiga makofi. Kijana mmoja wa mashua aliyejua Kiingereza akatutafsiria: amesema huyu mwanaume akilia hivi basi ni mume kweli. Tena akatuonya tusikate huo uzi. Uachwe mpaka uanguke wenyewe.

Na kamera ilikuwa wapi? Kwa stendi! Kitonga hata akilia, kamera lazima iwe kwa stendi. Ndiyo maana leo nina hiyo video.

Dawa zikakaa tumboni, homa ikashuka, mashua ikaja. Sijui ni dawa ama ni nini na sijali. Tulipokuwa tunateremka mto, Kitonga alinishika ule mkono wa uzi akaniambia, "Tukifika nyumbani kitu ya kwanza ni ntheo. Kabla hata nifue nguo." Akampigia mama yake hapo hapo mtandao uliposhika, mbuzi wakanunuliwa tukiwa bado tuko Hanoi. Baba yangu, Mwololo wa watu, akaambiwa ni Jumamosi ya wiki itakayofuata tukishafika. Akaita wazee. Akapaka nyumba rangi. Ile video Kitonga akanitumia kwa simu na maneno chini yake: hii usifute hata nikikukosea.

Tulitua Nairobi Alhamisi. Tukingoja mabegi, Kitonga akaenda choo. Kurudi, mkono mtupu.

"Uzi uko wapi?"

"Ulikuwa umechafuka."

"Si walisema tusikate?"

"Kamene, wacha mambo yako. Mwaitu akiuona ataanza."

Mwaitu ndiyo kusema mama. Na kweli mama yake angeanza. Huyo mama ameokoka, na sisi Wakamba tuliookoka tuna ugonjwa wetu. Tangu shule watu wanatutania uchawi, ati Mkamba usimkanyage mguu utaamka umegeuka mbuzi. Sasa wale wa kanisa kwetu wanaogopa uzi kuliko wanavyoogopa nyoka. Hata kifungo cha shati kikining'inia kwa uzi mwekundu, mtu anakemea. Nilielewa. Lakini niliona ubaya wa kukata kitu nilichofungiwa na watu walioniombea nikiwa nakufa. Nikavaa sweta ya mikono mirefu. Nikajiambia ni mpaka hiyo Jumamosi ya ntheo tu.

Jumapili mama mkwe akatuita chakula cha mchana cha kutupokea. Nilipopita uani niliwaona, mbuzi wangu watatu, wamefungwa kwa ua wa miiba wakila majani ya viazi. Dume alikuwa mweusi, mnene, ana ndevu. Nilisimama nikamwangalia mpaka nikasikia machozi. Miaka sita, na huyo hapo sasa, anakula viazi.

Ndani kulikuwa na mama na rafiki yake wa maombi, Rael, yule anayeota ndoto za watu wengine. Tukala. Nikainuka kuosha vyombo kama mtu mwenye adabu, na kuosha vyombo lazima upandishe mikono. Rael alikuwa analeta sahani.

"Mama Kitonga," akaita, hata hakunisalimia. "Njoo uone kwa mkono wa huyu."

Nilitolewa jikoni na masabuni yangu. Mama akauangalia ule uzi bila kuugusa, akarudi nyuma hatua moja.

"Hii ni nini, Kamene?"

"Mama, ni uzi tu wa kuombewa. Nilikuwa mgonjwa sana huko. Wenyeji ndivyo wanavyoombea mgonjwa."

"Kuombewa kwa jina la nani?"

Sasa hapo ungejibu nini? Nikamwangalia Kitonga. Alikuwa amekaa kwa kiti cha marehemu baba yake, anachokonoa meno. Nikangoja aseme. Maneno yalikuwa mafupi tu: mwaitu, ni mimi niliomba. Maneno hayo hayangemuua.

"Kitonga, ambia mama," nikasema.

"Nimwambie nini?"

"Nani aliomba hawa watu wafanye hiyo kitu."

Akaweka kijiti mezani. "Mwaitu, mimi sikuwepo. Nilikuwa nimeenda kutafuta dawa. Nilimkuta ashafungwa."

Wallahi nilihisi kama ile homa imerudi. Rael alikuwa ameshaanza kuvuta pumzi za maombi, mama analia chini chini, ati mtoto wangu, ati ndiyo sababu amekonda, ati ndiyo sababu ametaka ntheo ghafla hivi baada ya kukaa miaka yote hiyo. Hilo la mwisho ndilo lilinichoma. Kwamba mtu kutaka kunioa lazima awe amerogwa.

Nikatoa simu kwa mfuko. Mikono ilikuwa na maji, nikaipangusa kwa sketi. "Mama, angalia mwenyewe."

Kitonga aliruka. "Kamene, usifanye hivyo."

Nilifanya. Nikawawekea, sauti juu. Kitonga huyo hapo amepiga magoti. Kitonga analia, anamshika nyanya mkono. Kitonga ananyoosha mkono wake mwenyewe afungwe, anasema kwa Kikamba safi, na mama yake akisikia kila neno, kwamba huyu ni mke wangu, msimwache aende. Nilidhani nimemaliza kesi. Mjinga mimi. Nilisahau nawaonyesha watu gani.

Wao hawakuona mwanaume anayempenda mtu. Waliona kuku na kichwa chake. Waliona mayai. Waliona mzee ananong'ona na wamama wanazungusha uzi, na mtoto wao amepiga magoti anatoa machozi kama amefunguliwa mfereji. Mama akapiga yowe mpaka mpangaji wa nyumba ya pili akatoka nje. Rael akamshika Kitonga kichwa kwa mikono miwili.

"Mwanangu, hapo ulikuwa unajielewa?" akamuuliza. "Sema ukweli mbele za Mungu. Ulikuwa wewe?"

Nje dume akapiga chafya. Kitonga akaniangalia, na ninaapa aliniangalia vizuri, mtu mzima mwenye akili timamu aliyejua anachofanya. Halafu akamwangalia mama yake.

"Sikumbuki," akasema. "Naona ni kama mtu mwingine."

Mwanaume mzima alikubali aitwe mtu aliyerogwa kuliko kukubali kwamba alilia kwa sababu yangu. Wakaleta makasi. Nikawaambia atakayenigusa na hayo makasi nitamtia alama ya maisha, nikachukua mkoba wangu, nikatoka. Kitonga hakuinuka kwa kiti.

Nilienda kukaa na binamu yangu Mbithe, ana chumba hapa Ngara nyuma ya soko. Baba alipiga simu Jumatatu kuuliza kama Kitonga anapenda matumbo. Nikasema anapenda. Sikuweza kumwambia. Nilikuwa bado najidanganya kwamba Kitonga atapoa, atamwambia mama yake ukweli wakiwa wawili, na Jumamosi mbuzi watapanda gari. Mpumbavu hana pembe, angekuwa nazo ningeshindwa kuingia dukani.

Vidhi aliona uzi nikipima kitambaa. Vidhi amezaliwa Ngara hii hii, Kiswahili chake hakina mchezo, na mkononi ana uzi mwekundu tangu nimjue.

"Umefungwa wapi huo?" akauliza.

Nikamweleza. Nilimweleza yote, na wateja wawili wakasubiri.

"Kwetu ukifungwa uzi watu wanakuletea mithai, vile vitamu vyetu," akasema. "Kwenu unashtakiwa?"

"Kwetu unaachwa."

Akaguna, akanisukumia chai yake. Sikuinywa.

Jumatano Mbithe akarudi na simu mkononi amekunja uso. "Kaa chini kwanza," akaniambia. Ilikuwa video, imesambaa kwa makundi ya WhatsApp ya Wakamba wote wa Dagoretti. Kitonga mbele ya watu wa kanisa, ameshika maikrofoni, shati ile niliyompigia pasi mimi kule Hanoi kwa sufuria ya moto. Anatoa ushuhuda. Ati alipelekwa nchi za mbali akafungwa kwa kamba za giza. Ati alilishwa vitu. Watu wanasema haleluya. Na anaongea vizuri, jamani! Anajua pa kunyamaza, anajua pa kushusha sauti, miaka yote ya chaneli imelipa. Baadaye watu wanakula, na Rael anaonekana amebeba bakuli. Mbithe akazima simu, akasema yule mpangaji wa nyumba ya pili amemwambia nyama ilikuwa ya dume mweusi.

Hapo ndipo nililia. Si kwa ule ushuhuda. Kwa yule dume.

Ijumaa mchana Kitonga akaja dukani. Akasimama kati ya mabunda ya pazia, amenyoa, ananukia.

"Sasa," akasema.

"Unataka kitambaa gani?"

"Kamene, wacha hasira. Unajua mama yangu alivyo. Ana presha. Nilisema tu ili atulie. Rudi nyumbani, kaa kimya kidogo, mwaka ujao tutafanya ntheo vizuri, hata nitaongeza mbuzi."

"Ulirogwa?"

"Si nimekwambia..."

"Nijibu tu. Ulirogwa, ama ulinipenda?"

Akaangalia mlangoni. Vidhi alikuwa kwa kaunta, anajifanya anapanga pete za pazia, masikio yamesimama.

"Wewe unajua jibu," akasema polepole.

"Mimi najua. Nataka kukusikia. Sema kwa ile sauti ya maikrofoni."

Na ninasema haki, midomo ilifunguka. Nadhani alikuwa anataka kusema. Lakini hapo hapo mama mmoja akaingia kutafuta neti, akamwona, akafurahi. "Bwana asifiwe, ndugu Kitonga! Ushuhuda wako umenijenga!" Halafu akaniona mimi. Akaona mkono wangu juu ya meza, na uzi.

Kitonga akasogea. Alisogea pembeni, mbali na mimi, mpaka ikawa kama amekuja kununua pazia na hanijui.

"Amina, mama," akasema.

Yule mama alinunua neti yake kwa Vidhi. Mimi hakutaka nimpimie. Walitoka pamoja, yeye na Kitonga, wakiongea habari za Mungu, na Kitonga akambebea mfuko mpaka kona. Kunibebea mimi begi hakuwahi, hata siku moja, hata kwa homa.

Nikampigia baba hapo hapo, nimesimama nyuma ya mabunda, kwa sababu ningengoja ningekosa nguvu.

"Baba, kesho usingoje wageni."

"Kuna nini? Mbuzi wameugua?"

"Mmoja ameliwa, baba. Wawili wako kwa wenyewe."

Nilimsikia akivuta kiti. Nyuma yake kulikuwa na sauti za wanawake, wanachambua mchele, mmoja anacheka. Akaambia mtu anyamaze.

"Ameliwa na nani, na wewe hujafika hapa?"

"Na watu wa kanisa. Walikuwa wanamshukuru Mungu ameniacha."

Baba si mtu wa maneno. Nikasikia akifunga mlango. Kisha akauliza, "Na huko ng'ambo ulipokuwa mgonjwa, ungekufa, huyo kijana angesimama mbele yangu aseme wewe ni nani wake?"

Kwa simu hiyo hiyo ilikuwa ile video, Kitonga kwa magoti na machozi yake, anasema huyu ni mke wangu, msimwache aende. Usifute hata nikikukosea.

"Angesema hakumbuki, baba," nikamwambia.